Kuanzisha kikosi cha uokoaji cha kujitolea huku milimani: mwongozo kamili, kuanzia daftari mpaka machela

Huku Upare juu, yaani Chome, Vudee, Mbaga, Mamba Miamba na kule Gonja milimani, mgonjwa akizidiwa usiku wanaume wanaitwa, blanketi linafungwa kwenye miti miwili na safari ya kushuka inaanza. Desturi ipo tangu enzi za babu. Shida yake ni kwamba kila tukio linaanza upya: hakuna anayejua nani kapigiwa simu, tochi ina betri au haina, gari linasubiri wapi, alafu wanafika watu arobaini, wenye kubeba wako wanane na waliobaki wanatoa ushauri. Kilimanjaro pale mtalii akizidiwa, hifadhi ina kikosi chake cha uokoaji na hata helikopta inaitwa. Kwetu helikopta ni machela, kwa hiyo kazi yote ya kikosi inageukia kitu kimoja, kumfikia mtu mapema na kumshusha bila kumuumiza zaidi. Nimeandika nikifikiria wilaya ya Same lakini ukiwa Usambara, Uluguru au Rungwe badilisha majina tu.

Na tusianze na fulana. Najua kila kikundi kikianza watu wanataka fulana zenye nembo na picha ya pamoja, fulana zitakuja, kwanza haya.

1. Nendeni kwa mtendaji kabla ya kitu chochote

Msiibuke tu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji, na vijiji vingi hiyo kamati ipo kwenye makaratasi tu. Huo ndo mlango wenu. Mkaeni na mwenyekiti wa kijiji na afisa mtendaji wa kijiji (VEO), muombe hoja iingie mkutano mkuu wa kijiji, kikosi kitambulike kama mikono ya kamati ya maafa, na muhtasari uandikwe na kupigwa muhuri. Huo muhtasari mtauhitaji sana, maana mkienda kuomba mafunzo Msalaba Mwekundu au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanataka barua, mkikutwa na polisi saa nane usiku mmebeba mtu anayevuja damu mtaulizwa nyie ni nani, na mkimkanyagia mtu tangawizi zake mkipita njia ya mkato kesi inaishia kwa mwenyekiti badala ya kufika mbali.

2. Watu: chagueni waliopo, sio wenye nguvu

Kosa la kawaida ni kuandika majina ya vijana wenye misuli ambao nusu yao wako Dar na Arusha na wanaonekana Desemba tu. Andikeni watu wanaolala kijijini mwaka mzima. Kwa kijiji cha vitongoji vinne au vitano, watu 20 hadi 30 wanatosha, na kila kitongoji kiwe na wanne au watano wake, maana korongo likijaa maji wale wa ng'ambo ndo watakuwa kikosi peke yao mpaka asubuhi.

Wanawake wawepo na sio kwa kupika chai. Mama mjamzito akianza kutoka damu huwezi kumzungushia wanaume kumi bila mwanamke mwenzake pale, na pia mchana wanawake ndo wako karibu na nyumbani. Muwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, dereva bodaboda wawili watatu, mwenye cheni soo kwa ajili ya miti iliyoangukia barabara, mwalimu mwenye mwandiko unaosomeka, na mzee mmoja anayejua njia za msituni kabla hazijafungwa na hifadhi. Ambaye ikifika jioni yuko kwenye dengelua (pombe ya miwa), mshukuruni kwa moyo wake, mpeni kazi ya kutunza turubai.

Mazoezi yawe mara moja kwa mwezi, fupi, saa mbili tu. Siku mtabishana: Ijumaa Waislamu wana swala, Jumamosi Wasabato hawapo, Jumapili Walutheri ibada ndefu, siku ya gulio hakuna mtu. Jumatano au Alhamisi jioni huwa inaelekea kukubalika. Msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) ukiwepo unganisheni humo humo, watu wameshakuja na majembe, mnamaliza kuchimba mfereji mnafanya zoezi la machela.

3. Ramani ya kwenu wenyewe

Google Maps inaonyesha mlima wa kijani na mstari mmoja wa barabara. Chukueni karatasi kubwa ya manila mchore wenyewe: njia zote za miguu, madaraja ya miti, ndiva zote (mabwawa ya kumwagilia), makorongo yanayojaa, nyumba za wazee wanaoishi peke yao, wajawazito wa miezi ya mwisho (huyo mhudumu wa afya anawajua), na vitu viwili ambavyo watu wanasahau.

Cha kwanza ni sehemu zenye network. Kila mtu anajua lile jiwe ambalo ukisimama juu yake simu inashika, basi liandikwe kwa jina na mtandao unaoshika hapo. Cha pili ni mwisho wa gari, wa kiangazi na wa masika, kwa sababu hazilingani hata kidogo. Gari linaloweza kufika shuleni mwezi wa nane, mwezi wa nne linaishia kilomita kadhaa chini na mkiliweka hilo akilini mapema mtajua mnahitaji wabebaji wangapi. Tembeeni hizo njia na machela yenye mzigo mkapime muda kwa saa, mchana na usiku, mwandike pembeni. Alafu mkubaliane majina ya mahali, maana "pale kwenye mkaratusi" milimani huku ni sehemu mia.

4. Simu, mbiu na filimbi

Chagueni wapokeaji simu wawili, mmoja akiwa hapatikani mwingine yupo, namba zao zibandikwe ofisi ya kijiji, zahanati, misikitini, makanisani na kwenye maduka. Grupu la WhatsApp liwepo kwa ajili ya matangazo lakini dharura msiitangaze humo mkaenda kulala, wengi wana simu za kitochi na wengine bando limeisha. Tumieni simu za kawaida kwa mnyororo: mpokeaji anapigia viongozi wa vitongoji, kila kiongozi anapigia wanne wake. Ikishindikana kuna spika ya msikiti na kengele ya kanisa, na kabla ya hapo kubalianeni na viongozi wa dini ili siku hiyo mtu asianze kuomba ruhusa.

Mpokeaji aulize kwa mpangilio huu na aandike: uko wapi hasa, kumetokea nini, wangapi, anaongea na kupumua vizuri au hapana, nani yuko naye, na namba hii itabaki hewani? Hapo hapo apige namba za serikali, bila kusubiri kikosi kifike kwanza kiangalie. 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 ni dharura kwa ujumla. 115 ni ya usafiri wa dharura, na kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au kichanga hii ndo ya kwanza kabisa, kwa sababu mfumo wa m-mama unatafuta gari la wagonjwa na lisipokuwepo unaita dereva jamii aliyesajiliwa ambaye analipwa na mfumo, sio na familia. Watu wengi huku bado wanauza mbuzi usiku kulipa Noah wakati hiyo namba ni ya bure. Na kama kijijini kwenu kuna mwenye gari ambaye hajasajiliwa udereva jamii, mpelekeni halmashauri akaulizie, hiyo peke yake ni kazi kubwa ya kikosi.

Filimbi kila mtu awe nayo shingoni, kwenye ukungu wa msitu wa Shengena sauti ya mtu haifiki popote. Mpangilio rahisi: moja maana yake simameni na nyamazeni, mbili njooni, tatu amepatikana, na mfululizo bila kukata maana yake kila mtu atoke hapo alipo sasa hivi. Wafundisheni na watoto wa shule kwamba ukipotea kaa sehemu moja, piga filimbi au gonga kitu mara sita, pumzika dakika, rudia. Hiyo mara sita ndo ishara ya wapanda milima sehemu nyingi duniani.

5. Machela, hapa msiharakishe

Mkiweza kupata machela ya kiwandani vizuri. Mkikosa, tengenezeni mbili na zikae tayari zimetundikwa, sio miti ikatwe siku ya tukio.

Miti miwili ya mkaratusi iliyokauka, imenyooka, mita mbili na nusu hivi, unene wa kushikika na kiganja, magome yatolewe na vifundo vipigwe msasa. Chukua magunia imara mawili au matatu, toboa kona mbili za chini, pitisha miti ndani kama unavyopitisha mkanda kwenye suruali, magunia yapandane kidogo. Viroba vya plastiki vilivyopigwa jua msitumie, vinachanika ghafla bila taarifa. Funga vijiti viwili vya kukatiza, kichwani na miguuni, miti isije ikajibana ukinyanyua. Alafu mlaze mtu mzito kuliko wote kwenye kikosi, mnyanyueni, mrukeruke kidogo. Ikilia, tengeneza upya.

Kubeba kwenyewe kuna sheria zake. Anaamrisha mmoja tu, yule wa kichwani kwa mgonjwa, na hata akija diwani njiani amri inabaki kwake. "Tayari? Moja, mbili, nyanyua." Kwenye njia pana wanabeba sita, kwenye njia nyembamba wanne. Njia ya kilomita moja au mbili yenye mteremko inataka watu 12 hadi 18 wanaopokezana, na mnapokezana kila dakika tano hadi kumi KABLA mtu hajachoka, maana mwanaume wa Kipare hasemi amechoka mpaka ameteleza. Mmoja anatangulia na tochi anataja mawe na mizizi, mmoja anatembea ubavuni kwa mgonjwa, kazi yake ni kumwangalia usoni na kusikiliza anavyopumua, huyo habebi kitu.

Mkishuka, miguu ya mgonjwa inatangulia. Mkipanda, kichwa kinatangulia. Lengo ni kichwa kisiwe chini kuliko miguu, na wakati wa kushuka anaona anakopelekwa jambo ambalo linamtuliza sana. Mfungeni kwa kitenge sehemu tatu, kifuani chini ya makwapa, kiunoni na juu ya magoti, isibane pumzi. Blanketi liwe CHINI yake pia sio juu tu, ubaridi unapanda kutoka chini, na mtu aliyepoteza damu akipata baridi damu inazidi kugoma kuganda. Mtu asiyejitambua lakini anapumua abebwe amelala ubavu, matapishi yatoke nje yasirudi kooni, ila kama ameanguka kutoka juu hakikisheni kichwa, shingo na mgongo vinageuzwa kwa pamoja, watu wanne, amri moja.

Kuhusu bodaboda. Najua ndo tunayo. Aliyevunjika mkono, aliyekatika kidole, mwenye homa anayeweza kukaa mwenyewe, sawa. Ila ule mshikaki wa kumweka majeruhi katikati huku mtu wa nyuma amemkumbatia, kwa aliyeumia mgongo, shingo, kiuno, aliyezimia, au mama anayetoka damu, hapana. Mtu anaweza kuwa alikuwa anatembea vizuri baada ya ajali na akashuka kwenye pikipiki hawezi tena.

6. Huduma ya kwanza, mambo machache lakini kila mtu ayajue

Mafunzo rasmi muyatafute Msalaba Mwekundu, kusoma peke yake haitoshi, mikono inatakiwa izoee. Haya ndo yanayotokea sana kwetu.

Damu: vaa glavu, hakuna basi mfuko wa plastiki safi mkononi, kandamiza kwa kitambaa moja kwa moja kwenye jeraha, kwa nguvu, bila kufungua kila dakika kuchungulia. Damu ya mkono au mguu ikigoma kabisa, mfano panga au cheni soo, funga mkanda mpana, uwe sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili (usikae kwenye goti wala kiwiko), ingiza kijiti uzungushe mpaka isimame, andika saa kwenye paji la uso au mkononi, na usiulegeze njiani.

Asiyepumua: mlaze chali sehemu ngumu, kandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila mikandamizo 30 pumzi mbili, mkipokezana kila dakika mbili. Aliyezama maji anaanza kupewa pumzi tano kwanza.

Nyoka, hasa kifutu kule tambarare na kwenye mashamba ya chini: usikate, usinyonye, usifunge kamba, na jiwe jeusi liache dukani. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, mguu usitembezwe, beba, peleka hospitali na upige simu mbele kuuliza kama dawa ipo ili msipotezee muda kituo ambacho hakina. Msimkimbize nyoka kutafuta ushahidi, picha ya simu kwa mbali inatosha kama ipo.

Kuungua: maji safi ya kawaida yanayotiririka dakika 20. Sio dawa ya meno, sio unga, sio yai.

7. Matukio yenyewe

*Maporomoko ya udongo.* Novemba 2009 Goha, kata ya Mamba Miamba, mlima ulishuka juu ya nyumba watu wamelala. Desemba 3, 2023 ikawa zamu ya Hanang, tope na magogo yakaingia mpaka Katesh mjini. Kwa hiyo sio hadithi. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitoa angalizo, tahadhari au ile tahadhari kubwa ya rangi nyekundu, kazi yenu inaanza mvua haijaanza: wa kitongoji kilicho chini ya mteremko wahamie kwa ndugu au shuleni usiku huo. Pitieni mteremko muangalie nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoinama, milango ya nyumba inayogoma kufunga ghafla, chemchemi mpya, maji ya mto yaliyobadilika kuwa tope. Na mto ukipungua ghafla wakati mvua inanyesha MSISHANGILIE, juu huko umezibwa na utakuja wote kwa pamoja, ondokeni.

Ikishatokea, kila mtu anataka kukimbilia kuchimba na huo ndo wakati mlima unaua mara ya pili. Wekeni mlinzi sehemu anayoona mteremko wote juu, filimbi mdomoni, na mkubaliane mnakimbilia upande gani, pembeni sio kushuka. Aliyesalimika awaambie nani alilala chumba gani, andikeni majina. Kila baada ya muda piga filimbi moja, wote wanyamaze, mwiteni kwa jina, msikilize. Karibu na mtu acheni sululu na jembe, tumieni mikono, sufuria, ndoo, mkipitishiana kwenye mstari. Uso na kifua vitolewe kwanza. Aliyebanwa na ukuta au gogo kwa muda mrefu, hata akitoka anaongea na anaomba chai, lazima afike hospitali siku hiyo hiyo, misuli iliyobanwa inaachia sumu kwenye damu ambayo inaharibu figo na hata kusimamisha moyo baadae.

*Ndiva na mito.* Usiingie majini kama una njia nyingine. Mti mrefu, kamba, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko vizuri na kufungwa kamba, unarusha, anashika, unavuta. Kila ndiva iwe na dumu lake pembeni, na atakayelichukua kwenda kuchotea maji mumshtaki kwa mama yake. Shimo la choo au kisima ni hivyo hivyo, mtu akizimia ndani ni hewa mbaya, anayemfuata anazimia pia. Puliza hewa, teremsha kamba, piga 114.

*Ajali ya gari.* Matawi barabarani mbali kabla ya kona pande zote mbili, mawe kwenye tairi, zima switchi, hakuna sigara. Ikiwa ni lori la mafuta, kazi yenu ni kufukuza watu, Msamvu Morogoro Agosti 2019 zaidi ya watu mia walikufa kwa kuchota petroli. Kwa majeruhi wengi, wanaopiga kelele wana pumzi, anza na walionyamaza.

*Aliyepotea msituni.* Msimwage kijiji kizima msituni mkafuta nyayo zote. Anzieni alipoonekana mwisho, timu za watu watatu watatu, kila timu njia yake na saa ya kurudi imeandikwa, mtu mmoja abaki nyumbani kwao maana mara nyingi anajirudia mwenyewe. Ukiwa ndani ya hifadhi wajulisheni wahifadhi wa misitu, wao wanajua njia za ndani.

8. Kumkabidhi

Ukifika zahanati au hospitali usiseme "ameanguka" ukaondoka. Sema: jina na umri, kilichotokea na saa ngapi, ameumia wapi, mmemfanyia nini, hali ilibadilikaje njiani, dawa anazotumia. Mwalimu wenu aandike haya kwenye daftari la kikosi na nakala apewe nesi. Ajali au shambulio mtaulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Matibabu ya dharura hayatakiwi kusubiri karatasi, kwa hiyo mmoja akimbie polisi wakati mgonjwa anahudumiwa.

9. Pesa, na ugomvi wake

Mafuta, betri, glavu, vocha, chai ya wabebaji. Mchango mdogo wa kila kaya ukipitishwa na mkutano unatosha kuanzia, na walioko mjini mtawaomba vitu sio hela: tochi za kichwa, gambuti, kamba, maturubai, reflekta. Hela ikae kwenye akaunti ya kikundi au M-Koba (kikoba cha kwenye simu) ambako zaidi ya mmoja anaidhinisha, na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi hata kama ni elfu tano.

Familia ya mgonjwa ikitaka kuwapa kitu, isipokelewe na mbebaji njiani. Waambieni wapeleke kwa mweka hazina wakipenda, wakati wao, na risiti watapewa. Mkianza kupokea elfu mbili mbili usiku, mwaka ujao maskini wa kitongoji cha mwisho ataogopa kuwapigia simu. Na ufunguo wa boksi la vifaa uwe kwa watu watatu wa vitongoji tofauti, kwa mwenyekiti usiwe peke yake, anasafiri sana huyo.